Kiti, Mkao na Mtetemo: Kiswahili cha Mwendesha Mashini wa Kolwezi na cha Mshika Usukani

Makala haya yanahusu kiti cha mtu anayeendesha chombo kikubwa kwa saa nyingi: dereva wa lori la mgodini, mwendesha kijiko cha kuchimbia, mshika usukani wa meli. Mwenzetu wa kitivo anaweza kuuliza kiti cha lori kimeingiaje katika jarida la lugha. Kimeingia kwa mlango huu: kiti cha kisasa cha mwendeshaji hakifanyi kazi yake mpaka aliyekikalia akipange kulingana na kilo zake, urefu wa miguu yake na mahali mikono yake inapofika. Maelezo ya kukipanga hufika Kolwezi yakiwa kwa Kifaransa, kwa Kiingereza au kwa Kichina. Wanaokikalia huongea Kiswahili, na Kiswahili chao si kile cha vitabu vyetu vya mwaka wa kwanza. Kati ya maelezo na mgongo wa mtu kuna kazi ya maneno, na kazi ya maneno ni yetu.

Nimemweka mtu wa meli kando ya dereva wa shimoni kwa sababu mbili. Kwanza, shaba ya hapa hupita mikononi mwa wote wawili. Inatoka katika shimo kwa lori kubwa, inakwenda kiwandani, inapanda lori la barabara kuelekea Kasumbalesa na Dar es Salaam, au reli ya kuelekea Lobito, kisha inapakiwa melini. Njiani mzigo huo huo unasogezwa na watu waliokaa, kila mmoja juu ya kiti cha namna yake. Pili, mafundi wa viti vya meli na mafundi wa viti vya mashini za ardhini wamekabili adui wasiofanana, na tofauti zao zinatusaidia kuona maana za vitenzi vyetu wenyewe kwa uwazi zaidi.

Wala chombo cha maji si kigeni kwa mto wetu. Reli ya kutoka kusini ilipofika Bukama mwaka 1918, safari ya kwenda kaskazini iliendelea kwa meli za mto juu ya Lualaba hadi Kongolo. Huku kwetu juu mto umebanwa na makorongo ya Nzilo, kwa hiyo Kolwezi haikupata bandari; ilipata bwawa la umeme, ziwa lake, na mitumbwi ya wavuvi.

Kiti, biti, kukaa

Neno kiti ni la Kibantu tupu: kiambishi ki- na shina lile lile la mti. Kwa asili ni kipande cha mti. Pwani wingi wake ni viti. Kolwezi na Lubumbashi ni biti, kama ilivyo bintu na bitabu. Sipendi kuona wanafunzi wakisahihisha biti kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni kosa la kuteleza ulimi. Ni ngeli ile ile ikiwa na konsonanti ya huku, na lugha nyingi za jirani zinaungana nayo.

Kabla ya injini kiti katika eneo hili kilikuwa jambo zito. Waluba walichonga kigoda cha kifalme, kipona, kikibebwa juu ya kichwa na mikono ya sanamu ya mwanamke, na baadhi ya vilivyo maarufu zaidi duniani vinanasibishwa na karakana ya Buli, karibu na mto huu huu. Wachokwe, walioona viti vya Wazungu mapema kupitia biashara ya Angola, walitengeneza viti vya machifu vyenye egemeo na miguu minne, wakajaza mbao zake za kati sanamu ndogo za maisha ya kila siku. Pwani nako kulikuwa na kiti cha enzi cha mpingo, kilichopambwa kwa pembe. Vyote hivi vilidumu kwa sababu havikukaliwa ovyo, na cha Waluba hasa kilikuwa alama ya ufalme kuliko samani. Kutoka huko tunalo neno mwenyekiti, ambalo leo ni la kamati na vyama, ingawa dereva wa lori la shimoni ana haki nalo zaidi ya wengi, kwani hakuna anayeshinda kitini kama yeye.

Kitenzi chenyewe ndicho chenye utajiri. Mtu amekaa juu ya kiti. Mtu anakaa Manika au Dilala. Na tena: nyama haikai bila barafu, viatu hivi vimekaa miaka mitatu. Kuketi, kuishi, kudumu, vyote kwa kitenzi kimoja. Huku kwetu husemwa kuikala, umbo lililo karibu na lugha za Waluba, na lenyewe hubeba kuketi na kuishi pamoja. Fundi anayeagizwa atengeneze kiti kizuri na kigumu ameagizwa mambo mawili. Kiswahili kinamwagiza moja: kiti cha kukaa kikae. Sitaki kulisukuma jambo hili mbali sana, maana lugha nyingine nazo zina vitenzi vipana. Lakini katika karakana ni kweli kabisa kwamba mambo hayo mawili hayatenganiki. Povu la kiti likishalala, hata kama kitambaa bado kinang'aa na chuma bado kizima, kiti kimekwisha.

Kutoka kukaa tunapata mkao, na neno hili ningependa lichukuliwe na kila mtafsiri wa mambo ya kazi. Mkao ni namna mwili ulivyokaa, na Kiswahili kimelipata bila kukopa. Tunapata pia kikalio, kitu cha kukalia. Hapo pana mtego ambao kila mwalimu wa mofolojia ameshauona darasani: ukibadilisha ngeli, makalio si sehemu ya kiti tena bali ni sehemu ya mtu, na darasa zima linacheka. Kwa kadi itakayobandikwa ndani ya mashini, mbele ya wakubwa na vijana, ningeandika sehemu ya kukalia, nikaacha kikalio kibaki katika kamusi. Egemeo halina tatizo: egemeo la mgongo, la kichwa, la mkono. Kuhusu mkanda, wengi huku husema mukaba, na kadi iseme mukaba.

Kuyumba, kutikisika, kutetema, kurushwa

Wahandisi wana neno moja la kukusanya, ambalo sisi tunalitafsiri mtetemo. Katika ripoti za afya ya kazi husomwa mtetemo wa mwili mzima. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini ni nyembamba, na hapa Kiswahili kina la kumfundisha mhandisi.

Mtetemo hupimwa kwa hezi. Hezi moja ni mwendo mmoja wa kwenda na kurudi katika sekunde moja. Sasa weka vitenzi vyetu juu ya kipimo hicho.

Meli kubwa katika mawimbi huyumba. Inakwenda upande, inakawia, inarudi. Mzunguko mmoja unaweza kuchukua sekunde kumi. Hiyo ni chini ya nusu hezi. Mwendo wa polepole namna hii hauumizi uti wa mgongo kwa kuupiga. Unaleta kichefuchefu na usingizi mzito. Kanuni ya kimataifa ya kupima mambo haya, ISO 2631-1 ya mwaka 1997, inautenga kabisa: mwendo wa hezi 0.1 hadi 0.5 unapimwa kwa ajili ya kichefuchefu, na ule wa hezi 0.5 hadi 80 unapimwa kwa ajili ya afya, faraja na utambuzi wa mtetemo. Mswahili wa pwani aliyesema chombo kinayumba, hakisemi kinatetema, alikuwa ameshachora mstari huo huo.

Lori lenye mzigo juu ya barabara ya shimo iliyochimbika humtikisa mtu. Hapa ndipo penye hatari. Kiwiliwili cha mtu aliyekaa, kikisukumwa kutoka chini kwenda juu, huitikia kwa nguvu zaidi karibu na hezi tano. Kwa upana, kati ya nne na nane. Katika eneo hilo mwili haupokei tu mwendo wa kiti, unauongeza, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Pingili za kiuno ndizo zinazobeba hesabu.

Injini ikinguruma mahali pamoja, usukani na sakafu hutetema. Ni mwendo wa haraka na mdogo, unaosikika zaidi mikononi, katika nyayo, na machoni namba za dashibodi zinapokosa kusomeka. Povu na mpira huumeza kwa urahisi.

Na kuna kurushwa. Gurudumu limeingia shimoni, au lori limepokea jiwe la tani kadhaa kutoka kwa kijiko, au boti ya kasi imeruka juu ya wimbi na kuanguka juu ya lile la pili. Huu si mwendo wa kwenda na kurudi, ni pigo. Wastani wa siku nzima unaweza kulificha, wakati mgongo haulisahau.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu fomu nyingi za malalamiko ya kazini, popote duniani, zina nafasi moja tu: kiti kibaya. Mtu anaposema kiti kinanirusha, ametoa habari tofauti na anayesema kiti kinanitetemesha. Wa kwanza ana tatizo la kifyonza mshtuko kilichokufa, kile ambacho gereji za Tanzania hukiita shokapu, au ana kiti kilichopangwa kwa kilo zisizo zake. Wa pili pengine ana skrubu iliyolegea au raba iliyokauka. Fundi mwenye masikio anaweza kuanza ukaguzi wake kutoka kwenye kitenzi. Mfasiri aliyegeuza vyote kuwa vibration, kwa neno moja la Kifaransa au la Kiingereza, amemnyang'anya fundi huyo nusu ya utambuzi.

Kwa nini kiti cha lori si kiti cha meli

Kiti cha lori kubwa hukaa juu ya mkasi wa chuma, na mkasi huo hubebwa na springi au na mfuko wa upepo, pamoja na kifyonza mshtuko. Kifaa hiki kina mwendo wake wa asili, tuseme hezi moja na nusu. Kanuni ya fizikia ni kavu na haina huruma: kiti kama hicho huanza kupunguza mtikisiko pale tu unapozidi mwendo wake wa asili mara 1.4 hivi, yaani hapa juu kidogo ya hezi mbili. Chini ya hapo hakisaidii, na karibu kabisa na mwendo wake wa asili hukuza. Kwa mtikisiko wa hezi tano kinafaa sana. Kwa wimbi la bahari la sekunde kumi hakifanyi kitu. Kinapanda na kushuka pamoja na meli yote.

Ndiyo maana kiti cha chumba cha usukani katika meli ya mizigo hakina mkasi. Kazi yake ni nyingine. Kimefungwa juu ya reli fupi sakafuni ili kisogezwe nyuma mtu anapotaka kusimama, kwa kuwa mwangalizi wa bahari husimama mara kwa mara kuona yaliyo karibu na ubavu. Kinazunguka na kujifunga, ili meli ikilala upande mtu asiondoke nacho. Kina mahali pa kuweka miguu, kwani kimeinuliwa ili macho yapite juu ya dirisha. Katika vyombo vya kuvuta na vya kuhudumia visima vya mafuta, fimbo za kuongozea zimewekwa juu ya maegemeo ya mikono. Mwendesha kijiko wa Kolwezi angekaa juu ya kiti hicho na kujiona yuko nyumbani, maana chake pia kina fimbo mikononi, na kwa sababu ile ile: chombo kikiyumba au kikitikisika, mkono na fimbo vinakwenda pamoja, kwa hiyo mwili hautoi amri ambayo akili haikuitaka.

Boti ya kasi ni habari ya tatu. Huko pigo ndilo adui, na viti vya kisasa vina safari ndefu ya kushuka ili pigo lienezwe katika muda mrefu zaidi. Vingine hukaliwa kama mtu aliyepanda punda, miguu ikiwa chini na magoti yamekunjwa kidogo, ili mapaja yachukue sehemu ya mzigo kabla ya kiuno.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu neno starehe. Kamusi hutupa starehe kwa confort, na mtafsiri mchanga huandika kiti cha starehe bila kusita. Tatizo ni kwamba kwa Waswahili wengi starehe ni bia, muziki na Jumamosi jioni. Mkuu wa manunuzi anayesoma ombi la viti vya starehe kwa madereva ataona anasa, na ataweka karatasi chini ya karatasi nyingine. Msomaji asidhani natia chumvi: neno linaweza kuua bajeti. Kiti kisichochosha kinasema tunachotaka. Kiti kinachookoa mgongo kinasema hata zaidi. Na upande wa meli wana sababu yao ya kuogopa starehe, kwani mtu aliyekaa vizuri mno usiku wa manane hulala. Tangu mwaka 2011 kanuni za kimataifa za usalama baharini zimeanza kudai kengele maalumu ya chumba cha usukani: mlinzi wa zamu asipogusa chochote kwa muda uliopangwa, kati ya dakika 3 na 12, kengele humwamsha, na asipoitikia huwaita wenzake. Kiti kizuri kinaondoa uchovu wa misuli, hakiondoi usingizi.

Hesabu moja ya darasani

Wanafunzi wa lugha hukimbia hesabu, lakini hii ni fupi, na bila hiyo hatuwezi kutafsiri ripoti hata moja. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2002 kuhusu mtetemo kazini imeweka namba mbili zinazotajwa mahali pengi hata nje ya Ulaya. Kwa siku ya saa 8, mwajiri aanze kuchukua hatua ikifika mita 0.5 kwa sekunde mraba, na isivuke 1.15. Namba hupatikana kwa kuzidisha kipimo cha kitini na kipeuo cha pili cha saa za kukaa zikigawanywa kwa 8.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kipimo juu ya sehemu ya kukalia ni 0.8. Dereva yuko katika zamu ya saa 12, na humo amekaa saa 10 akiendesha. Kumi kugawanya kwa nane ni 1.25, kipeuo chake cha pili ni karibu 1.12, mara 0.8 tunapata 0.89. Yuko chini ya kikomo, lakini ameshapita mbali namba ya kuchukua hatua. Aliipita lini? Nusu kugawanya kwa 0.8, mara yenyewe, mara 8: saa 3 na dakika 7 hivi. Akianza saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu na robo namba hiyo imekwisha kupita, kabla ya chai.

Angalia maneno mawili ya ripoti, namba ya hatua na namba ya kikomo. Nimeona tafsiri zinazoziita zote mbili kiwango cha juu. Kwa kosa hilo dereva wa mfano wetu anakuwa salama mpaka jioni.

Vumbi na chumvi

Kuhusu kudumu nitasema kwa ufupi, maana mafundi wanajua kuliko sisi. Adui wa kiti cha meli ni chumvi na jua: chuma cha kawaida hupata kutu ndani ya bomba mahali ambapo jicho halifiki, na ngozi bandia hupasuka penye mshono. Adui wa Kolwezi ni vumbi jekundu la kiangazi, ambalo ni laini kama unga na lina mchanga mkali ndani yake. Huingia katika viungo vya mkasi, likichanganyika na grisi huwa msasa. Kwa hiyo mfuko wa raba uliokunjwakunjwa kama kinanda cha kuvuta, unaozunguka mkasi, si pambo. Ukichanika ubadilishwe wiki hiyo, usingoje kiti kianze kupiga kelele. Kitambaa kinachopumua humfaa mwenye jasho lakini hukusanya vumbi. Ngozi bandia hufutwa kwa kitambaa chenye maji lakini mgongo huloa. Mimi ningechagua kitambaa chenye kifuniko cha kuvuliwa na kufuliwa. Katika karakana yoyote utakuta madereva wamefikia uamuzi huo bila kumwuliza mtu: taulo au kipande cha kitenge juu ya kiti, kinaletwa kutoka nyumbani na kurudi nyumbani.

Kukaa upande

Ndani ya migodi ya chini ya ardhi, kama Kamoto na Kamoa-Kakula, iko mashini fupi, bapa, yenye sanduku la kuzoa mbele. Inaingia katika njia nyembamba, inajaza, inarudi bila nafasi ya kugeuka. Kwa vile nusu ya safari ni ya kwenda na nusu ni ya kurudi, mashini nyingi za aina hii zimemkalisha mtu ubavu: bega moja linaelekea mbele, jingine nyuma. Mwili hauko mbele wala nyuma, ila shingo iko pembeni siku nzima, mara kulia mara kushoto, huku kiti kikitikisika. Shingo iliyopinda na mtikisiko kwa pamoja ni vibaya kuliko kila kimoja peke yake.

Vivuko vya Likoni, Mombasa, na vya Kigamboni, Dar es Salaam, vina tatizo lile lile la njia: magari huingia kwa mdomo huu na kutoka kwa ule, chombo kikienda na kurudi bila kugeuka. Njia ya maji imezoea jawabu jingine: kugeuza mahali pa kuongozea, kwa kuweka vidhibiti pande mbili au kiti kinachozunguka, badala ya kumgeuza shingo nahodha. Katika handaki nafasi ni ndogo na jawabu hilo ni gumu, lakini kiti kinachozunguka hata digrii chache kuelekea upande wa safari hupunguza sana kazi ya shingo, na kamera ya nyuma hupunguza zaidi.

Kwa Kiswahili cha kadi, kukaa upande hakutoshi. Neno hilo husikika kama mtu aliyeketi vibaya kwa uzembe. Kukaa ubavu ni bora, na halimlaumu mtu kwa umbo la mashini.

Kadi ndani ya mashini

Tufike kwenye maandishi yenyewe. Tatizo la Kiswahili cha maelezo ya kazi Kongo lina historia. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti kati ya wafanyakazi wa Katanga na kuandika juu ya Jamaa, ile jumuiya iliyozaliwa Kolwezi kwa Padri Placide Tempels, alitoa mwaka 1986 kitabu kuhusu namna Kiswahili kilivyochukuliwa na watawala wa Kongo ya Wabelgiji. Vijitabu vya zamani alivyovichunguza vimejaa amri: lete, beba, fanya upesi. Lugha ya kumwagiza mfanyakazi ilikuwapo tele. Lugha ya mfanyakazi kueleza kinachomsibu haikuhitajiwa. Kadi ya kiti iliyoandikwa kwa amri tupu inarudi katika njia hiyo.

Lakini hata amri ina mitego, na hapa ndipo wanaotoka na Kiswahili sanifu huanguka. Huku kutosha ni kuondoa. Tosha upepo maana yake toa upepo. Msomaji wa Dar es Salaam ataelewa kwamba upepo umetosha, kwa hiyo aache. Katika kiti cha mfuko wa upepo maana hizi mbili ni kinyume kabisa. Kutumika huku ni kufanya kazi: natumika ku mine, na hakuna anayeona aibu, sanifu atasikia mtu anatumiwa kama chombo. Ukiandika kiti hakitumiki, ukikusudia kisitumiwe na mtu, dereva wa Kolwezi atasoma kwamba hakifanyi kazi, na ataita fundi. Mbele ya huku ni kabla ya. Mbele ya kuwasha si mahali, ni wakati. Juu ya mara nyingi ni kwa sababu ya, na pia ni juu. Kwa hiyo panga kiti juu ya kilo yako ni sentensi nzuri ya Kolwezi na ni kitendawili cha pwani.

Wako wanaopendekeza kadi iwe ya Kiswahili sanifu peke yake ili itumike kutoka Kolwezi hadi Kigoma. Naiheshimu hoja hiyo kwa kitabu cha shule. Kwa kitu kinachosomwa na mtu mwenye helmeti kichwani, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa mwanga wa taa ya ndani, naona iandikwe jinsi anavyoongea, na pale neno la huku na la sanifu yanapogongana yote mawili yaepukwe. Badala ya tosha au toa, kadi ionyeshe mshale na kusema upepo upungue, upepo uongezeke. Kitenzi cha kitu chenyewe hakimwamrishi mtu, na hakina maana mbili.

Hatua zenyewe ni chache. Mtu aikale mpaka nyuma kabisa, mgongo uguse egemeo. Apange kilo, maana kiti kilichopangwa kwa mtu wa kilo 60 kikikaliwa na wa kilo 95 kitakuwa chini kabisa, na kila shimo la barabara litakigonga chuma kwa chuma. Kwa wakati huo ni kibaya kuliko benchi la mbao, kwa sababu benchi halina pa kuanguka. Asogeze kiti mpaka kisigino kikae sakafuni huku mguu ukikanyaga breki hadi mwisho. Ainue egemeo la mkono mpaka bega lishuke. Afunge mukaba, kisha aguse egemeo kwa mgongo mara ya pili, kwani mukaba huvuta mtu mbele.

Kazi ya uwanjani kwa wanafunzi wa muhula ujao ni kujaza ukurasa wa nyuma wa kadi hiyo, ule wa dereva kueleza. Msiende na orodha ya maneno. Mwulizeni mtu, akiwa ametoka zamu: kiti kinakufanya nini? Andikeni kitenzi anachokitaja kwanza kama alivyokitamka, ku, mu, bi- na yote. Hasa tafuteni neno la ule mshindo wa mkasi ukifika mwisho wake chini. Kwa sasa rasimu inasema kugonga, na mstari wake wa mwisho ni huu: Kiti ikigonga chini mara mbili, simama, angalia kilo, upepo uongezeke.